Viazi Vikuu vya Saa Kumi

Mtoto wetu wa kwanza alikufa kwa surua tukiwa tunakaa Mtoni, katika nyumba ya vyumba sita nyuma ya barabara ya Kilwa. Alikuwa msichana, hajatimiza miaka miwili. Surua ilipita mtaani mwaka ule, ikaingia nyumba nyingi, na nyingine ilitoka bila kuchukua mtu. Kwetu ilichukua. Tulimpeleka hospitali asubuhi, akafariki siku ya pili mchana, tukamzika siku hiyohiyo baada ya alasiri. Nilimbeba mwenyewe mpaka makaburini. Nakumbuka kanga iliyomfunika juu ya sanda ilikuwa inateleza, na kila baada ya hatua chache nilikuwa nairudisha mahali pake. Watu waliokuwa nyuma yangu walikuwa wanasoma, lakini sikumbuki sauti zao. Nakumbuka kanga.

Sikulia. Wanaume wenzangu walinishika mkono wakasema nimejikaza kiume. Niliwashukuru. Ukweli ni kwamba sikujikaza hata kidogo, maana hakukuwa na kitu kilichotaka kutoka.

Matanga yalikwisha siku ya tatu, ndugu wakakunja mikeka yao wakaondoka, wengine Buguruni, wengine Temeke. Tukabaki wawili chumbani. Kuanzia siku hiyo mke wangu hakupika tena.

Hakuwa mgonjwa. Alioga, alifua nguo zake, alisali, akisalimiwa alijibu. Ila jikoni hakwenda. Nikirudi kazini saa kumi namkuta amekaa juu ya mkeka, mgongo kwenye kitanda, miguu ameinyoosha mbele, anatazama ukuta uliokuwa na almanaka. Jiko la mkaa liko palepale lilipokuwa jana, majivu ni yaleyale.

Mie wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha sufuria, barabara ya Pugu, zamu ya asubuhi. Nilikuwa kwenye mashine ya mifuniko. Nilipiga mifuniko ya sufuria za kila ukubwa, kutwa nzima, siku sita kwa wiki, na nilikuwa sijawahi kubandika hata maji ya chai. Kwa mama yangu sikupika, na nilipooa sikupika. Hakuna mwanamume niliyemjua aliyepika, labda mabaharia.

Siku za mwanzo wapangaji wenzetu walituletea chakula, leo huyu sahani, kesho yule bakuli. Halafu wakapunguza, na siwalaumu. Ilikuwa miaka ya foleni. Unga ulikuwa unapatikana kwenye duka la ushirika, na kuupata ilikuwa lazima mtu wa nyumbani aamke alfajiri akaweke jiwe lake kwenye mstari, kisha asimame hapo mpaka jua kali. Mie alfajiri nilikuwa njiani kwenda kazini. Mke wangu hakwenda kusimama. Kwa hiyo nyumbani hakukuwa na unga, si mweupe wala ule wa njano ambao watu waliununia lakini wakaula.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuwa nimelifikiria kabla. Tulikuwa tumezoea kuitana kwa jina la mtoto, yeye mama wa fulani, mie baba wa fulani, kama watu wote. Jina lake mwenyewe nilikuwa sijalitamka tangu mtoto azaliwe. Sasa nikiingia chumbani sijui nimwiteje. Nilisema tu, "Nimerudi." Naye akasema, "Pole na kazi." Tulikaa hivyo majuma mengi bila kuitana. Wapangaji nao waliliruka lile jina, wakaanza kumwita dada. Mama mwenye nyumba ndiye peke yake hakubadili. Alikuwa Mzaramo, mjane, mtu mzima sana, na kila asubuhi alisimama mlangoni petu akamwita mke wangu mama wa fulani kwa sauti ileile ya siku zote. Mke wangu alishtuka mabega kila mara, lakini aliitika.

Siku moja nilishuka basi Buguruni nikapita sokoni nione nitapata nini. Mihogo ilikuwa imeondoka asubuhi. Nikamkuta mama mmoja amekaa na viazi vikuu, virefu, vyenye udongo mwekundu, ameviegemeza kwenye gunia. Lafudhi yake ilikuwa ya kwetu kusini.

"Cha kuchemsha au cha kuchoma?" aliniuliza.

Sikuwa na sufuria akilini wala kitoweo, nikasema cha kuchoma.

"Basi mpe mkeo hiki. Mwambie asikimenye."

Nikasema haya, nikakibeba begani kama gogo.

Bibi yangu alikuwa anachoma viazi vikuu. Kule kwetu, mavuno yakiisha, alifukia kipande cha kila mjukuu kwenye majivu ya moto, nasi tulikaa tukisubiri. Nilidhani kwa kuwa nilikuwepo basi najua. Lakini mtoto anayesubiri chakula haangalii kinavyopikwa. Nilichokumbuka ni utamu tu, na kuungua ulimi.

Nilikipeleka uani, nikawasha mkaa, nikaona kiazi kina udongo mwingi nikakiosha, kisha nikakimenya. Mikono ilianza kuniwasha kabla sijafika katikati. Nikaiosha kwa maji, muwasho ukapanda mpaka kwenye viwiko. Nikakata mapande makubwa nikayatupa juu ya makaa mekundu, nikapepea kwa nguvu. Nje yakawa meusi mara moja. Nilipokata ndani, maji meupe yanatoka. Kati ya ule weusi na ule ubichi kulikuwa na ukanda mwembamba uliokuwa umeiva, nikaukwangua kwa kisu nikauweka kwenye sahani, nikampelekea mke wangu. Aliushika mkononi mpaka ukapoa, akaurudisha kwenye sahani. Mie nilikula uliobaki. Haukuwa na ladha yoyote, na hilo halikunisumbua.

Kesho yake nilifanya vilevile. Siku ya tatu mama mwenye nyumba akatoka chumbani kwake akiwa amejifunga kanga kifuani, akasimama mbele yangu.

"Moshi wako umeingia mpaka kitandani kwangu na shikamoo hujanipa."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho unakichoma au unakikomoa?"

Wanawake wawili waliokuwa wanafua pale uani wakacheka, wakaziba midomo. Nikasema nakichoma.

"Mikono inakuwasha?"

"Inaniwasha sana."

"Kwa sababu umekimenya kibichi tena umekirowesha. Paka majivu. Paka, usiniangalie." Akavuta kigoda akakaa. "Nani kakwambia kiazi kikuu kinachomwa kwa moto huu? Huu ni wa chai. Toa hayo mapande, kaa kitako, ngoja."

Tukangoja. Hakunipa pole, hakunitajia mtoto. Alinionyesha tu. Alichukua nusu ya kiazi iliyobaki bila kuoshwa, akaipangusa udongo kwa kitambaa kikavu, akaikata vipande vya unene wa vidole vinne na ganda lake. Makaa yalipoingia majivu meupe akaweka juu yake waya wa kuchomea samaki, akapanga vipande, akavifunika kwa mfuniko uliopinda, mmoja wa ile mibovu tuliyokuwa tunaruhusiwa kuchukua kiwandani. Alivigeuza mara kwa mara, bila haraka. Kila akifunua alichoma kipande kimoja kwa njiti ya ufagio. Njiti ikikwama, alifunika tena.

"Ikiingia na kutoka bila kuvutwa, kimeiva. Si kabla," alisema. "Sasa nenda kakune nazi."

Nilikaa juu ya mbuzi pale uani, miguu nimeipanua, mwanamume mzima, na safari hii wale wanawake hawakuziba midomo. Walicheka mpaka mmoja akaacha kufua. Kilikuwa kicheko cha kwanza kusikika uani tangu msiba. Mlango wetu ulikuwa wazi, nikaona mke wangu amegeuza shingo kuangalia kinachochekwa. Aliangalia kidogo, akarudisha macho ukutani.

Mama mwenye nyumba alinifundisha kukamua tui la kwanza kwa maji kidogo sana, liwe zito. Ndani yake akatia chumvi, kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili mbichi mbili. Ndimu aliizuia mkononi. "Ndimu ukiitia mapema tui linakatika. Hii mwisho, kikiwa sahanini." Akakwangua maganda ya viazi yaliyoungua, akaponda ncha ya kumbi la nazi mpaka likawa kama brashi, akavipaka vipande tui na kuvirudisha motoni. Tui lilipokauka akapaka tena, na likikauka tena akapaka tena, mara tatu, mpaka vikapata ngozi ya rangi ya kahawia na harufu ikajaa uani. Wale wanawake waliacha kucheka. Kila mmoja alipewa kipande.

Mke wangu nilimpelekea vipande vinne. Alikula viwili akiwa amenipa mgongo. Nikasikia anatafuna. Hilo tu ndilo lililotokea siku hiyo.

Baada ya hapo ikawa ndiyo kazi yangu. Nikitoka kiwandani napita Buguruni, nikifika nyumbani naondoa shati la kazi, nawasha jiko. Nilijua kuchagua kiazi kwa kukigonga na kucha. Nilijua makaa ya mkaa wa mwembe yanavyowahi kufa na yale ya miti migumu yanavyokaa. Siku ambazo nazi ilikosekana nilipaka maji ya chumvi na pilipili, na mafuta kidogo kama yapo. Nikiwa mbele ya jiko nilikuwa na la kutazama, na kipande kikitaka kugeuzwa nilikigeuza. Sikuwaza zaidi ya hapo. Kama kuna mtu angeniuliza siku zile kama nina huzuni, ningemwambia sijui, ngoja nigeuze hiki.

Kazini ilikuwa hivyohivyo. Asubuhi moja bati lilinikata kiganja cha kushoto, mkato mrefu, nami nikaendelea kupiga mifuniko. Msimamizi ndiye aliyeona damu kwenye mifuniko iliyopangwa.

"Ndugu, hukusikia?"

Nikatazama mkono. "Sikusikia."

Akanipeleka kufungwa bendeji, akaniambia nikapumzike. Nilikwenda Buguruni nikanunua kiazi.

Jumapili moja mchana balozi wetu wa nyumba kumi alikuja uani akiwa na daftari lake kwapani. Alikuwa mtu mwema, fundi seremala, mpenda maneno. Alinikuta nimechuchumaa mbele ya jiko.

"Ndugu, Jumapili mbili hatujakuona kwenye kuzibua mitaro. Wananchi wanauliza."

"Nipo, balozi."

"Naona upo. Upo unapika."

"Karibu."

Akakaa. Nikampa kipande kwenye kisahani, nikakamulia ndimu. Alikula, akalamba kidole.

"Nani katia tui hivi?"

"Mie."

"Wewe?" Akatikisa kichwa. "Na mama watoto anaumwa?"

"Haumwi."

Akaangalia mlango wetu uliokuwa wazi, akashusha sauti, lakini si vya kutosha. "Mwambie asikate tamaa. Nyie bado vijana. Mungu atawapa mwingine."

Kila mtu alikuwa ametuambia hivyo. Nilikuwa nimelizoea neno hilo kama nilivyozoea kelele za mashine. Nikafungua mdomo kusema amina.

"Sikuomba mwingine," mke wangu alisema kutoka ndani.

Hakupaza sauti. Lilikuwa neno lake refu kuliko yote niliyokuwa nimeyasikia kwa zaidi ya mwezi. Balozi akaweka kipande chini. Aliomba maji akanawa, akasimama, akasema kwa mlango, "Nisamehe, mwanangu." Akaniaga kwa kichwa akaondoka, na daftari hakulifungua. Jumapili iliyofuata nilichukua koleo nikaenda kwenye mitaro, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Siku mbili tatu baada ya ile ya mitaro, nilikuwa nakuna nazi pale uani. Ilikuwa saa kumi na nusu hivi, wapangaji wengine walikuwa hawajarudi, mama mwenye nyumba yuko kwake. Nikaona kivuli kimenisimamia. Mke wangu alikuwa ametoka nje, kajifunga kanga moja, nyingine kichwani.

"Unakuna mpaka kwenye kifuu," alisema. "Ndiyo maana tui lako linakuwa jeusi."

Nikasimama. Akakaa yeye kwenye mbuzi, akachukua kifuu mkononi mwangu, akaanza kukuna. Mie nikarudi kwenye jiko. Alikuna upesi, mkono ukizunguka bila kutazamwa, na nazi ilianguka nyeupe tupu kwenye sahani.

"Siku ile hukulia," alisema.

Sikuuliza siku ipi. "Sikulia."

"Nilikutazama ulipotoka naye mlangoni. Nikasema akianza yeye, nami nitaanza. Hukuanza."

Nikageuza kipande kimoja, nikageuza na kingine ambacho hakikuwa na haja ya kugeuzwa.

"Ulikuwa unawaza nini?" akaniuliza. Hakuniuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

"Kanga," nikasema. "Ilikuwa inateleza. Nilikuwa naogopa itaanguka."

Mkono wake ukasimama. "Ile ya maua?"

"Hiyohiyo."

"Ilikuwa mpya. Nilikuwa sijaifua hata mara moja. Ndiyo maana iliteleza." Akaitazama nazi iliyokuwa mkononi. "Ningekuwa nimeifua isingeteleza."

Kisha akalia. Alilia pale juu ya mbuzi, kifuu cha nazi kikiwa bado mkononi, kwa sauti kubwa, kama wanawake walivyolia siku ya msiba na yeye akiwa kimya katikati yao. Nilisimama. Sikujua niweke wapi mikono. Nilichofanya ni kumchukulia kile kifuu asijikate na meno ya mbuzi, nikakishika. Mama mwenye nyumba akatoka, akatuangalia wote wawili, akaja akakaa chini, akamvuta mke wangu kichwa kwenye mapaja yake. Akaniambia kwa jicho niende nikaangalie moto. Vipande vilikuwa vimeungua upande mmoja. Niliviondoa, nikavikwangua, nikakaa navyo. Nilitega sikio ndani yangu kama mie pia nitaanza. Nilingoja kweli. Hakikuja kitu.

Baada ya siku hiyo mambo yalibadilika polepole, na sikuweza kusema siku fulani ndiyo ilikuwa mwisho wa ile hali ya kwanza. Alianza kutoka uani. Asubuhi moja niliamka nikakuta amekwenda kuweka jiwe lake kwenye foleni. Siku nyingine nilirudi saa kumi nikiwa na kiazi begani, nikakuta ugali wa njano umekwisha kusongwa, na dagaa wa nazi. Akasema, "Nawa." Nikanawa, nikala. Kiazi kilikaa nyuma ya mlango siku mbili, akakichemsha. Hatukuzungumza kuhusu zamu ya kupika. Ilirudi kwake kama ilivyokuwa imekuja kwangu.

Kiangazi kiliposhika, barabara ya kusini ikapitika, akaniomba aende kwao akakae kidogo na mama yake. Nikamkubalia. Nilimsindikiza kituo cha mabasi asubuhi, nimeomba ruhusa kazini. Alikuwa na mfuko mmoja wa nguo na kikapu cha zawadi, chumvi, viberiti na sabuni mche mmoja tuliokuwa tumeutafuta wiki nzima. Kabla ya kupanda alinikumbusha nisiache ndoo nje, na nimwambie mama mwenye nyumba kwamba ungo wake uko juu ya kabati. Nikamwambia afike salama. Akanishika kiganja cha kushoto, akapitisha kidole gumba juu ya kovu, akauliza, "Hili ulipata lini?"

"Kazini. Zamani kidogo."

"Hukuniambia."

"Sikukwambia."

Akapanda. Basi lilichelewa kuondoka, watu walikuwa wanafunga mizigo juu, naye alikaa dirishani, mie nimesimama chini, tukitazamana. Likaondoka. Nilikuwa na siku nzima mbele yangu na sikujua niende wapi nayo, nikakaa kwenye benchi la abiria. Nilikaa muda mrefu. Karani wa tiketi alinipita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu akasimama.

"Ndugu, unasafiri?"

"Sisafiri."

"Kuna unayemngoja?"

"Hapana. Nimesindikiza."

"Basi lenyewe limeondoka tangu saa tatu." Alikuwa anataka kunifukuza, benchi lilikuwa la abiria. Lakini alinitazama usoni, akasogeza daftari lake akakaa ukingoni. "Unalia, ndugu yangu," akasema.

Nikajigusa shavu. Lilikuwa limelowa mpaka kwenye kola ya shati. Sikuwa nimesikia machozi yalipoanza. Yule karani alikaa hapo mpaka alipoitwa na abiria, na alipoondoka hakuniambia niinuke.

Nilirudi Mtoni kwa miguu. Mke wangu alikaa kwao miezi miwili, akarudi amenenepa kidogo, ana mfuko wa korosho na jogoo aliyefungwa miguu. Jogoo huyo alitusumbua sana pale uani, akiwika kabla ya wakati, mpaka wapangaji wakaomba tumchinje. Tukamchinja sikukuu, tukala nyumba nzima.